Si Mbili, Alisema Mhandisi Iyer

Wadogo zangu wa ukumbi wa elektrolizi, siku mliponiaga kwa soda na biskuti mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Haya, nimeandika. Habari za vyeo hamtazikuta humu, kwa sababu vyeo vyangu vyote vinaenea kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki. Nitaanza na sufu, kwani hata kazi yenyewe ilianza na sufu.

Siku ya kwanza nilifika kazini na suruali mpya ya pamba, imepigwa pasi hadi ikakata. Nilipotoka jioni ilikuwa na matundu mpaka magotini. Asidi hula pamba bila huruma, lakini sufu inaishinda. Papa Yumba, mzee aliyenipokea, alilijua hilo na hakuniambia. Alitaka suruali inifundishe. Nyumbani, mtaa wa Panda, bibi yangu Ngalula, ambaye nilikuwa sijakaa naye sana tangu ndoa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua blanketi la sufu tulilopewa na padri siku ya harusi, akalikata, akanishonea suruali. Iliwasha kama upupu. Niliivaa mpaka ikaisha.

Papa Yumba alinifundisha kuvua saa langoni, kwa sababu sumaku ya ukumbi huua saa, na kuvua pete, kwa sababu pete ikigusa penye umeme huchoma kidole. Kwa hiyo sisi wenye bibi tulikuwa tunaoa jioni na kuachika asubuhi, na walinzi wa lango hawakuchoka kututania. Halafu alinifundisha kopo. Nyinyi leo mna vipimo vya kushika mkononi. Sisi tulikuwa na kopo la maji.

Kwa wake na watoto wenu watakaosoma, nieleze. Katika kila tangi la asidi ya buluu yananing'inia mabamba ya aina mbili, moja la risasi, linalofuata la kukusanya shaba, na tena hivyo hivyo hadi mwisho. Umeme unapita kati yao, na shaba iliyomo majini inakuja kujibandika. Lakini shaba haijibandiki kwa adabu. Inaota manundu, na nundu likikua likagusa bamba la jirani, umeme unapita hapo bure, hapatengenezwi kitu, na chuma cha kushikia bamba kinakuwa moto. Unatembea na kopo lako, unamwaga maji kidogo juu ya kila chuma. Kilicho baridi kinanyamaza. Kilicho moto kinalia chss. Hapo unaita mwenzako, mnalivunja nundu kwa mtaimbo. Papa Yumba alikuwa akitembea akisema chini chini, "Haina hii, haina hii, haina hii," mpaka maji yalie; kwa Swahili yetu, "haina hii" maana yake ni "si hii". Nami nikachukua wimbo huo, nikauimba mpaka nilipostaafu.

Mhandisi Iyer alikuja miaka kadhaa baadaye, mkandarasi kutoka kusini ya India, mtu mwembamba asiyekula nyama wala samaki, jambo lililowapa wapishi wa kantini kazi ya kufikiri. Swahili alijifunza kwetu, pamoja na matusi yetu. Siku moja alinifuata nyuma katika ukumbi, akasikia wimbo wangu, akasimama kabisa.

"Papa Odette, unasema nini pale?" Tulikuwa tumeshapata mtoto wetu, Odette, na kwa desturi yetu jina langu lilikuwa limekwisha kupotea.

"Nasema haina hii, Monsieur. Natafuta ile yenye moto."

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akaniambia kwamba katika dini yao kuna wahenga wanaomtafuta Mungu namna hiyo hiyo. Unauliza, Mungu ni hiki? Si hiki. Ni kile? Si kile. Na mimi mwenyewe, ni mwili huu? Si huu. Ni akili hii? Si hii. Unakwenda ukiweka kando, ukiweka kando, mpaka unafikia kitu kisichowekeka kando, na hapo unakuta kwamba kile kilichomo ndani yako na kile kilichobeba dunia yote havikuwa vitu viwili. Fundisho hilo wanaliita advaita. Nilimwambia, basi, wanasema vyote ni kimoja. Akatikisa kichwa namna yao ile ambayo hujui ni ndiyo au hapana.

"Haina moja. Kwa kusema moja, lazima muntu asimame pembeni ahesabu. Banasema tu: si mbili."

Nilimuuliza swali ambalo naona hata leo lilikuwa la haki. Kama si mbili, mbona anafoka kila mabamba mawili yakigusana?

"Kugusana kunataka wawili," alinijibu. "Nundu haiunganishi kitu. Inaharibu tu." Kisha akanionyesha nyaya. Umeme unaoingia tangi la kwanza ndio unaotoka tangi la mwisho. Matangi ni mengi, umeme ni huo huo, na kiungo kimoja kikikatika ukumbi mzima unazima. Alisema tofauti tunayoiona kati ya mtu na mtu ni kama tofauti ya tangi na tangi.

Nilimsimulia Ngalula wakati wa chakula cha jioni. Alinisikiliza, akauliza kama huyo Muhindi ana bibi, na bibi anasemaje.

Bibi alikuwapo, na alisema mengi. Mama Iyer alitoka katika familia inayofuata shule nyingine ya dini hiyo hiyo, dvaita, yaani mbili. Kwao Mungu ni Mungu, mtu ni mtu, jiwe ni jiwe, na itabaki hivyo milele. Ndugu za pande zote mbili walinuna siku ya ndoa, na nadhani wananuna mpaka leo. Mimi na Ngalula tulikuwa tukipita kwao Jumapili baada ya misa, Ngalula akimfundisha Mama Iyer kupika sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki, naye akimfundisha kusuka nywele za Odette msuko mmoja mnene wa kwao. Huku mabwana na mabibi wengine wanagombana juu ya mpira na shemeji, wale wawili waligombana juu ya kama wao ni wawili.

"Bwana yangu anasema difference ni kosa ya macho," Mama Iyer alimwambia Ngalula siku moja, akikata kitunguu. "Minye nasema hapana. Mungu anayua minye haina Yeye. Njo maana anaweza kunihurumia. Muntu anajihurumia mwenyewe? Ile ni uvivu."

Iyer alicheka akaomba chai. Ngalula alipenda neno lile. Njiani alilirudia mara kadhaa.

Nieleze sasa jambo la nyumba yetu, kwa sababu bila hilo yanayofuata hayaeleweki. Mimi ni Mulamba, mtu wa hapa hapa. Ngalula alikuwa Muluba wa Kasai, mkoa mwingine wa mbali. Baba yake aliletwa na kazi ya mashine za reli, naye alizaliwa hapa hapa Likasi, akabatizwa Likasi, na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Kwetu Balamba, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwao, mtoto ni wa ukoo wa baba. Siku ya harusi wazee walilitazama hilo wakacheka: mngeoana kinyume chake, mtoto angegombaniwa, hivi mlivyooana, hakuna atakayemdai. Tulicheka nao. Wakati huo mtoto asiyedaiwa alikuwa na raha tu, anakula pande zote mbili.

Kisha mambo yakaharibika. Kazi ilianza kufa kidogo kidogo, kama mgonjwa anayeacha chakula kwanza. Maziwa, ambayo watu wa asidi tulipewa ili yatulize koo, yalikatwa. Madawa ya ukumbi yakachelewa, kisha hayakuja. Umeme ukawa wa kukatika. Matangi yakaanza kukauka, na kwenye kingo zake kukabaki chumvi ya buluu nzuri ya kutazama, ambayo haina faida kwa mtu yeyote. Wazungu wengi waliondoka baada ya askari kuupora mji. Iyer alibaki, akitembea katika ukumbi uliozimika huku ameshika mikono nyuma. Nami nilitembea na kopo langu juu ya vyuma vilivyokuwa baridi vyote. Haina hii, haina hii. Hakuna kilicholia.

Na njaa ilipoingia, likaingia lile swali. Weye iko wa wapi? Tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega miaka yote bila kuliuliza, sasa likaulizwa sokoni, langoni, hata kwenye foleni ya komunyo. Siasa ilikuwa imesema kwamba watu wa Kasai ndio waliokula mkate wetu. Vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba kuwafukuza. Wenzetu wa ukumbini wenye asili ya Kasai walikuja asubuhi moja wakakuta lango limefungwa kwao. Papa Yumba alikuwa mmoja wao. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba ni wa huko, na naona aibu kwa ajili ya mji wangu kwamba nililazimishwa kulijua. Watu walilala stesheni na masufuria yao, wakingojea treni za kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Mama mkwe wangu, mjane asiyeweza tena kutembea bila kushikwa, alitolewa nyumbani kwake na kuwekwa huko pamoja na mwanawe Kabeya, mdogo wa Ngalula.

Ngalula alikwenda stesheni kila asubuhi na chakula. Hapo ndipo mkuu wa avenyu yetu, Papa Musonda, alipotutembelea. Msimfikirie kama jitu baya. Alikuwa ndiye baba wa ubatizo wa Odette. Alikaa kwenye kiti changu, akakataa maji.

"Papa Odette, nimekuombea kwa bale bijana," alisema. "Bibi yako anaweza kubakia. Mwanamuke akishaolewa anakuwa wa bwana yake. Padri alisema muko mwili moja. Minye njo niliwaambia: ule haina tena Mukasai, ni moja na Mulamba. Banakubali. Lakini aache kuenda ku stesheni. Akipeleka chakula kule, anaonyesha iko na kwao kwengine."

"Na mutoto?" Ngalula aliuliza.

Papa Musonda alitazama kofia yake. "Mutoto... weye unayua mila ya kwetu. Mutoto ni wa mama."

Ngalula hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Kwa hiyo minye niko moja na bwana yangu, kusudi munikataze mama yangu. Lakini mutoto yangu iko Mukasai, kusudi mumufukuze. Papa Musonda, mukitaka tuko moja, mukitaka tuko mbili. Hii hesabu munafanya na nini?"

Papa Musonda alivaa kofia yake akaondoka. Nilikasirika, na hasira yote sikuwa na pa kuipeleka, kwa hiyo nikaipeleka kwa Iyer. Nilimkuta akifunga vitabu kwenye masanduku. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na walikuwa wanarudi kwao. Nilimsimulia maneno ya Musonda, nikamwambia aje nami. Aje awaambie watu wa avenyu mambo ya umeme mmoja na matangi mengi. Aje awaambie si mbili.

Alikaa juu ya sanduku. Sijamwona tena mtu mwenye huzuni ya namna ile.

"Papa Odette, bale banasema vile vile. Musonda anasema moja. Njo moja yake ile, ya kumeza muntu. Neno ile ya kwetu haiko ya kumuambia mwengine ku mulango yake. Ni ya kujiambia weye mwenyewe, wakati unataka kumufukuza. Musonda njo anapashwa kujiambia. Minye siwezi kumuambia pa nafasi yake."

"Basi inasaidia nini?"

Mama Iyer ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, akiwa na mfuko wa mchele mkononi. "Haisaidie leo," alisema. "Chukua hii kwa mama ya Ngalula. Ule mama haina weye, haina minye. Iko na njaa yake yeye."

Tulipeleka mchele stesheni sote watatu, mimi, Ngalula na Odette. Kabeya alikuwa amepata nafasi katika behewa la mizigo lililotarajiwa, kwake na kwa mama yake, na alikuwa tayari kumbananisha dada yake humo. Alipoona mtoto alikunja uso.

"Yaya Ngalula, weye kuya na shiye. Mama hawezi safari na minye peke. Lakini ule mutoto ni Mulamba. Kwetu mutoto ni wa baba. Baba yake njo bale banatufukuza, abakie kwao." Alisema hayo mtoto akisikia. Simlaumu tena Kabeya. Alikuwa ameona mambo ambayo mimi sikuyaona. Lakini siku hiyo, ndugu zangu, wazee wa harusi yetu walikuwa wamesema kweli mpaka mwisho: hapakuwa na mtu duniani aliyemdai mtoto wangu. Upande huu, si wetu. Upande ule, si wetu.

Surua ilikuwa inatembea stesheni, na watoto walikuwa wanazikwa nyuma ya maghala. Hilo ndilo lililotukatia shauri kuliko Kabeya. Ngalula aliamua atamsindikiza mama yake hadi mwisho wa safari, kisha arudi. Odette abaki na mimi, na tukifukuzwa Panda tukakae kwa binamu yangu mvuvi kandokando ya ziwa Tshangalele, mbali na vijana wa avenyu. Nilimwambia mimi ndiye nimpeleke mama yake. Akanijibu kwamba huko wanakokwenda Mulamba hataulizwa mara mbili kabla ya kupigwa, na nilijua ni kweli.

Tulikwenda stesheni asubuhi iliyofuata, na iliyofuata, na treni haikuja. Ilipokuja, Ngalula alikuwa amekaa juu ya furushi lake la nguo na Odette katikati ya magoti yake, anamsuka. Alikuwa anamsuka mistari midogo midogo ya kwao, ya kazi nyingi, nadhani ili mikono iwe na cha kufanya. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Watu walianza kukimbia. Kabeya alimwinua mama yao mgongoni akaita. Ngalula alisimama na kitana bado mkononi.

Nilitaka kumwambia kitu. Vichwani mwetu sisi watu huingia maneno makubwa saa ambazo hayafai. Nilimwambia, "Ngalula, shiye tuko moja. Hata ukienda."

"Hapana, Papa Odette," alisema. "Usinipatie ile ya Musonda. Tuko wawili. Minye naenda, weye unabakia. Unifungulie mulango nikirudia."

Alinipa kitana. Akapanda.

Wiki zilizofuata sikuweza kumgusa Odette kichwani. Upande mmoja mistari, upande mwingine nywele zimesimama. Majirani walijaribu kumfumua. Alipiga kelele mpaka wakamwacha. Shuleni alichekwa. Papa Musonda alipita akamwona, akapita tena, na sijui kama ni kichwa kile kilichomzuia au kitu kingine, lakini vijana hawakuja kwetu. Hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumshukuru.

Mama Iyer alikuja kutuaga pamoja na bwana yake. Aliangalia kile kichwa kwa muda. Halafu akakaa chini sakafuni na kitambaa chake kizuri, akamwita Odette.

"Hii ya mama yako, sitaigusa," alimwambia. "Hii ingine njo yangu. Unakubali?"

Odette alikubali. Mama Iyer alimsuka upande wa kulia ule msuko mmoja mnene wa kwao, akautia mafuta ya nazi, akaufunga kwa uzi mwekundu. Iyer alisimama mlangoni akitazama. Mimi nilitazama kile kichwa cha mtoto wangu, mkono wa mwanamke mmoja huku, mkono wa mwingine kule, na kwa mara ya kwanza nilihisi nimekaribia kuelewa alichokuwa akijaribu kuniambia juu ya si mbili. Kisha lori lao likapiga honi, na ule uelewa ukaenda nalo. Haujarudi.

Habari za Ngalula nililetewa na mfanyakazi wa reli, mtu mpole. Treni ilikuwa imekwama siku nyingi njiani. Mama mkwe alifika. Ngalula hakufika. Kitana ninacho.

Ukumbi, kama mnavyojua, uliamka tena baadaye, na nikarudi na kopo langu mpaka mlipoletewa vipimo. Mengine mmeyaona wenyewe.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa sababu soda na biskuti zisingetosha kunikalisha mezani. Siku ile ya kuniaga, nikiwa nimekaa karibu na dirisha, nilimsikia mmoja wenu, ambaye simtaji na simchukii, akimnong'oneza mwenzake juu ya yule mama wa maabara anayepima asidi yenu kila asubuhi. "Ule Odette, kwa kweli iko wa wapi?" Mwenzake akasema, "Banasema Mukasai." Mwingine akasema, "Hapana, ni Mulamba." Mlidhani uzee umeniziba masikio. Niliposikia sauti zile, nilirudi mwaka ule wa stesheni.

Basi jibu langu ndilo hili, na msimsumbue tena kazini. Ni wa wawili. Mhandisi Iyer angenisahihisha. Bibi yake angekubaliana nami. Mmoja wa hao wawili ni mimi, mnajua ninapokaa. Mwingine amezikwa kando ya reli, mahali ambapo treni haikuwa na kituo.